Ufunguo wa Chombo cha Kikundi Uko kwa Nani?

SOMO LA VIKUNDI



Siku hizi wakikaa watu wawili watatu, hadithi ya simu na kompyuta haikosi. Barazani, kwenye matatu, hata msibani. Huyu anasifu Nokia, yule anaapa kwa Samsung, wa tatu anasema Tecno ndiyo inayokaa na chaji. Maneno haya hayana ubaya wowote yakiwa ni ya kupitishia wakati. Ubaya huanza pale kikundi kinapotoa pesa za wanachama kwa kufuata maneno hayo, bila kuuliza maswali.

Katika somo hili tutajifunza mambo matatu: namna ya kuyapima maneno ya watu juu ya vifaa na kampuni zake, maana ya programu huria na faida yake kwa kikundi, na maswali ya kuuliza kabla ya kununua chombo chochote cha kuwekea hesabu. Mwenyekiti asome kwa sauti, na wengine wamkatize wakiwa na swali.

KISA CHA MAKUPA

Kikundi kimoja cha akina mama wa Makupa, hapa kisiwani Mombasa, kiliniita nikawasaidie kusuluhisha ugomvi. Wao ni 24, na wengi wao huuza mahamri, viazi karai na kachiri. Kwa miaka mingi waliandika hesabu yao katika daftari la jalada gumu. Kisha vijana wakawaambia, "Mama zetu, mambo ya daftari yamepitwa na wakati." Basi wakachanga shilingi 50 kila mmoja kwa wiki, na baada ya wiki 20 wakawa na shilingi 24,000. Wakanunua laptopu, yaani kompyuta ya kubeba, mtumba kutoka ng'ambo. Muuzaji akawawekea ndani programu ya hesabu, akasema hiyo ni zawadi yao.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa raha. Katibu, binti wa mmoja wao, aliingiza michango yote na mikopo yote. Halafu siku moja programu ikaandika kwamba muda wa kujaribu umekwisha, lipeni ndipo muendelee. Wakaenda dukani, wakakuta duka limehama. Wakamtafuta katibu: ameolewa Malindi, na neno la siri alilokuwa nalo peke yake amelisahau. Fundi akafaulu kuifungua mashine, lakini faili la hesabu halikusomeka kwa programu nyingine yoyote.

Hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Bi mkubwa mmoja alikuwa amekopa shilingi 6,400. Yeye alisema amekwisha kulipa zote, kidogo kidogo, mkononi. Mweka hazina alisema hakumbuki. Kwa bahati, mweka hazina wa zamani hakuiamini sana hiyo mashine, akaendelea kuandika daftari kwa miezi michache mpaka akachoka. Daftari likatolewa ndani ya mkebe wa biskuti. Lilionyesha kwamba bi mkubwa alilipa shilingi 4,000. Zile 2,400 zilizobaki hazikuwa na ushahidi ila neno lake.

Kikundi kikakaa, kikapiga kura, kikasema tumwamini. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini tulipokuwa tukitoka bi mkubwa alinishika mkono, akasema, "Mwanangu, mimi leo nimesamehewa deni nililokwisha kulipa." Tangu siku hiyo huketi karibu na mlango.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Wengine walisema kosa ni mtumba, wangenunua mpya. Wengine wakasema kosa ni la kampuni iliyounda ile laptopu. Lakini hebu tazameni vizuri. Laptopu yenyewe haikuharibika. Mpaka leo inawaka.

Chombo cha hesabu ni vitu vitatu ndani ya kimoja. Cha kwanza ni mashine, unayoishika kwa mkono. Cha pili ni programu, yaani maagizo yanayoifanya mashine ifanye kazi. Cha tatu ni kumbukumbu zenu: majina, michango, mikopo. Mashine ikifa, utanunua nyingine. Programu ikikataa, utatafuta nyingine. Lakini kumbukumbu zikipotea hakuna duka linaloziuza.

Wenzetu wa Makupa walimiliki mashine tu. Programu ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa na ufunguo. Kumbukumbu zilifungiwa ndani ya programu hiyo. Kwa hiyo swali la kwanza si "kampuni gani?" Swali ni: "Ufunguo uko kwa nani?"

MANENO YA BARAZANI TUYAPIME

"Nokia haifi." Neno hili lina asili yake. Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, ikauzwa zaidi ya milioni 250 duniani. Ilikuwa na tochi, chaji yake ilikaa siku nyingi, na vumbi haikuijali. Watu walikuwa na haki kuisifu. Lakini mwaka 2014 kazi ya simu ya Nokia ilinunuliwa na Microsoft ya Marekani, na kufikia 2016 Microsoft nayo ikaiacha. Kisha kampuni nyingine, HMD, ikaanza kuuza simu zenye jina hilo. Jina lilibaki lile lile, wenye kiwanda wakabadilika. Sifa ya chombo cha 2003 haiwezi kuwa dhamana ya chombo cha leo. Pima kilicho mkononi mwako.

"Za Kichina zote ni feki." Hapana. Karibu kila kampuni kubwa imewahi kuundisha simu zake Uchina, hata zile za Marekani. Tecno ni ya kampuni ya Transsion ya Uchina, na ilipendwa Afrika kwa sababu iliwasikiliza wateja: laini mbili, chaji ya kukaa, na kamera inayotoa vizuri sura ya mtu mweusi. Kitu feki ni kile kinachojiita jina lisilo lake. Mwisho wa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ya Kenya iliagiza simu feki zizimwe, na simu zaidi ya milioni moja zikanyamaza. Waliozinunua kwa sababu ni rahisi walipata hasara mara mbili. Kabla ya kulipa, bonyeza *#06# kwenye simu. Itatokea namba ya tarakimu 15. Iwe sawasawa na iliyoandikwa kwenye boksi. Zikitofautiana, mrudishie mwenye duka simu yake.

"Mtumba wa Dubai ni bora kuliko mpya wa hapa." Pengine. Mashine ya ofisi iliyotumika miaka mitatu yaweza kuwa imara kuliko mpya ya bei ya chini. Lakini kuna mitego miwili. Mtego wa kwanza ni simu iliyofungwa na akaunti ya mwenyewe wa zamani. Mwambie muuzaji aiondoe akaunti hiyo na kuisafisha simu mbele yako, kisha uiwashe upya mpaka mwisho. Ikikuuliza neno la siri la mtu usiyemjua, hiyo si yako. Mtego wa pili ni umri wa programu. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubali Windows 11. Ndiyo maana ofisi za ng'ambo zinaondoa mashine nzima nzima. Muuzaji wa mtumba hatakwambia hayo. Muulize wewe.

"Chukua ulipe polepole." Mpango huu umewasaidia wengi kupata simu ya kwanza. Safaricom na Google walianza mpango wa Lipa Mdogo Mdogo mwaka 2020. Lakini piga hesabu kwanza. Tuchukue mfano: simu inauzwa taslimu shilingi 12,000. Kwa mkopo unatoa 2,000 za kwanza, kisha 60 kila siku kwa siku 365. Mara 60 kwa 365 ni 21,900. Ongeza 2,000, jumla ni 23,900. Simu moja imekuwa bei ya mbili. Tena simu za namna hii hufungwa kwa mbali usipolipa. Ukiwa umeweka humo hesabu ya kikundi, siku ukichelewa kulipa kikundi kizima kimefungiwa nje.

"Cha bure hakina thamani." Neno hili linahitaji somo lake peke yake.

PROGRAMU HURIA NI NINI?

Fikirini mahamri. Ukinunua mahamri kwa jirani, umepata chakula. Lakini jirani akificha mapishi yake, siku akihama huyapati tena, na huwezi kumwambia apunguze sukari. Sasa fikirini jirani mwingine. Yeye anakupa mahamri, na pia anakuandikia mapishi: unga kiasi gani, tui kiasi gani, hiliki ngapi. Anakuambia: pika, ongeza, punguza, mfundishe na mwenzako. Sharti lake ni dogo: ukigawa mapishi, usiyafiche.

Programu nyingi zinazouzwa ni kama mahamri ya jirani wa kwanza. Programu huria ni kama ya jirani wa pili: maandishi yake ya ndani yako wazi, na kila mtu ana ruhusa kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kuigawa. Mmarekani Richard Stallman alianzisha kazi hiyo mwaka 1983. Mwaka 1991 mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, akatoa Linux, ambayo ndiyo moyo wa mfumo wa kuendeshea kompyuta. Maelfu ya watu wameichangia tangu hapo, wengine kwa kujitolea, wengine wakilipwa na kampuni kubwa. Ni harambee, ila ni ya programu.

Msidhani ni kitu cha mbali. Simu zote za Android zimejengwa juu ya Linux. Huenda nusu ya mliokaa hapa mnayo mfukoni sasa hivi. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini alianzisha mfumo wa Linux akauita Ubuntu, neno ambalo sisi Waswahili tungesema "utu". Hapa Kenya, mapema mwaka 2008 wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, vijana waliunda Ushahidi, programu ya kukusanya taarifa za wananchi kwenye ramani. Ni programu huria, na mwaka 2010 ilitumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi.

Na lugha yetu? Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia na kupigia hesabu yenye maneno ya Kiswahili. Waliweza kwa sababu mapishi yalikuwa wazi. Mwaka 2005 Microsoft nayo ikatoa Kiswahili cha Windows na Office. Basi tusiseme kampuni kubwa hazina faida. Lakini kumbukeni pia kwamba kazi ya kutafsiri haina mwisho. Programu inabadilika kila mwaka, na wa kujitolea wakipungua, tafsiri inabaki nyuma. Mapishi yakiwa wazi hayajipiki yenyewe.

Kwa kikundi, faida kubwa ni hii: LibreOffice, iliyotokana na OpenOffice mwaka 2010, haina muda wa kujaribu. Haitafunga siku moja na kudai pesa. Tena huhifadhi hesabu katika namna inayojulikana wazi, ambayo programu nyingine zinaweza kuisoma. Na Linux huweza kuifufua kompyuta ambayo Windows mpya imeikataa.

Upungufu nao tuuseme. Mafundi wengi wa mitaani wamezoea Windows, kwa hiyo mkienda Linux hakikisheni mnaye mtu wa kuwasaidia. Na huria si kinga ya uzembe. Mashine ikiibwa bila nakala, hesabu imekwenda, iwe huria au ya kununua. Vilevile kila kitu si lazima kiwe huria. M-Pesa ni ya kampuni, ilianza Machi 2007, na imetusaidia sana. Ujumbe wake ni ushahidi wa malipo. Angalieni tu msiifanye ndiyo daftari lenu la pekee.

MASWALI SABA KABLA YA KUNUNUA

1. Kazi yenyewe ni ipi? Kama ni michango ya watu 15, daftari zuri na risiti huenda vinatosha. Hakuna aibu.

2. Bei yote ni ngapi? Hesabuni chaja, betri, mfuko, programu, fundi na safari za kwenda mjini.

3. Kikiharibika, nani atakitengeneza hapa hapa? Muulizeni fundi kabla ya kumuuliza muuzaji. Fundi ndiye ajuaye vipuri gani vinapatikana.

4. Programu ni ya nani? Ina muda wa kwisha? Imenunuliwa, ni huria, au imeibwa? Programu iliyonakiliwa kwa wizi mara nyingi huja na virusi, na ikisumbua huna wa kumlalamikia.

5. Hesabu zetu zinaweza kutoka? Kabla ya kulipa, mwambieni muuzaji atoe orodha moja na kuifungua katika programu nyingine. Akishindwa, acheni.

6. Nani ana neno la siri? Wawe watu wawili au zaidi. Liandikwe, litiwe ndani ya bahasha, bahasha ifungwe mbele ya kikundi na ikae kwa mwanachama asiye katibu wala mweka hazina.

7. Nakala ya akiba itakaa wapi? Nakala kwenye mashine ile ile si nakala. Wekeni kwenye flashi, ikae nyumba nyingine. Sisi watu wa pwani tuna hewa ya chumvi, na chumvi hula vyuma vya ndani. Msingoje siku ya kufa.

CHOMBO KIKIFA KIENDE WAPI?

Kutoka Makupa, ukivuka kwenda bara unapita Kibarani. Kwa miaka mingi hapo palikuwa jaa kubwa la taka la mji huu, mpaka lilipofungwa mwaka 2018. Wakazi wanaukumbuka ule moshi. Nyaya na mitambo ikichomwa ili kupata shaba, moshi wake una sumu. Ndani ya vifaa vingi mna risasi, na katika vingine zebaki, na vitu hivyo havitoki mwilini upesi, hasa mwilini mwa mtoto. Njia ya zamani iliyofukiwa baharini pale Makupa imeondolewa na daraja likafunguliwa mwaka 2022, ili maji yapite tena. Tusiyarudishie maji hayo taka ya simu zetu.

Kwa hiyo kabla ya kutupa, muulizeni fundi kama anataka vipuri. Betri iliyovimba msiitoboe wala kuitia motoni. Mkifika vifaa vingi, tafuteni wanaokusanya taka za umeme kwa utaratibu. Na chombo kinachotengenezeka ni taka iliyocheleweshwa. Hiyo nayo ni sababu ya kuuliza lile swali la tatu.

WENZETU WA MAKUPA SASA

Hawakuitupa laptopu yao. Fundi kijana aliiwekea Linux na LibreOffice, wakamlipa kazi yake, maana programu kuwa bure si sababu ya fundi kufanya bure. Wameanza hesabu upya. Kila anayetoa pesa hupewa risiti ya karatasi, hata kama ni shilingi 20. Flashi mbili hukaa nyumba mbili.

Tena kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi katibu husoma kwa sauti jina la kila mtu, alichoweka na anachodaiwa. Mwenye jina hujibu "ndiyo" au "hapana". Likija "hapana", hakuna linaloendelea mpaka jambo hilo liangaliwe. Mara ya kwanza, jina la yule bi mkubwa liliposomwa, katibu alisema, "Deni: hakuna. Alilipa." Hakusema "alisamehewa". Bi mkubwa akajibu, "Ndiyo," kwa sauti iliyosikika mpaka nje.

MASWALI YA KUJADILI

1. Leo hii hesabu za kikundi chetu ziko wapi? Katibu akisafiri kesho, tutazipata?

2. Ni neno gani la barazani juu ya simu au kompyuta ambalo sisi tuliliamini bila kulipima? Lilitugharimu nini?

3. Mwanachama asiyejua kusoma anawezaje kuhakikisha malipo yake yameandikwa?

4. Je, kura ya kumwamini bi mkubwa ilitosha? Sisi tungefanya nini?

KAZI YA WIKI HII

Fungueni hesabu za kikundi, ziwe ni za daftari au za mashine. Andikeni nakala moja kamili ya madeni yote ya leo. Someni kwa sauti mbele ya wote, kila mtu akiri lake. Kisha nakala hiyo ikae nyumba nyingine. Kazi hiyo haihitaji kompyuta, na ikishafanyika, hata mkinunua kompyuta kesho mtakuwa mmeanza na hesabu iliyo sawa.